Gari Lililougua Joto Katika Mji wa Baridi

Sisi watu wa pwani tuna dhana moja ambayo nadhani tumeirithi kwa wazee wetu, kwamba joto ni letu, na baridi ni ya ndugu zetu wa bara. Mtu akitoka Mombasa, Malindi au Lamu kwenda Nyeri, watu wa nyumbani humhimiza achukue sweta, soksi na blanketi. Hapana hata mmoja atakayemwambia aliangalie gari lake lisije likaugua joto huko aendako. Nami nilikuwa katika dhana hiyo hiyo. Niliamini kwamba gari langu kuukuu, ambalo hapa kwetu hunisumbua kidogo wakati wa kaskazi, likifika chini ya Mlima Kenya litastarehe kama mgonjwa aliyehamishiwa penye upepo mwanana.

Mambo yalikuwa kinyume kabisa. Nami nataka kukusimulia yaliyonipata, ndugu msomaji, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wengi wenu mnayo magari ya umri kama wa langu, na maradhi haya huenda mnayo nyumbani bila ya kuyajua. Ya pili ni kwamba kosa nililolifanya halikuwa la chuma peke yake, na hasara yake haikuwa ya fedha peke yake.

Gari lenyewe ni la familia, la milango minne, la zamani, lenye kabureta. Jina la kiwanda chake silitaji, kwani kama utakavyoona, kosa halikuwa la waliolitengeneza.

SAFARI YA USIKU

Ilikuwa Alhamisi moja mwishoni mwa Januari. Baada ya sala ya Isha nilipata habari kwamba dada yangu mkubwa, wa tumbo moja na mimi, amefariki dunia huko Nanyuki, alikokuwa ameolewa kwa miaka mingi. Mazishi yangekuwa kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa. Kufika saa tatu usiku nilikuwa tayari nimo njiani.

Usiku ule gari lilikwenda vizuri sana. Kila niliposimama kutia petroli, nililizima na kuliwasha papo hapo, nalo likaitika. Alfajiri nilisimama Thika kusali, na niliporudi lilikohoa kidogo kabla ya kuwaka. Nilidhani ni uchovu wa betri, sikulitilia maanani. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mwenye haraka hatazami juu.

Nilipofika Sagana jua lilikuwa limekwisha toka. Nilivuka ule mto, nikakumbuka kwamba maji yale ndiyo yatakayoitwa Tana huko chini, na ndiyo yatakayomwagika baharini kwetu Kipini. Kutoka hapo barabara hupanda na kuendelea kupanda. Nikakaza mwendo, gari likavuta mlima kwa gia ya tatu, na saa mbili asubuhi nikawa Karatina, penye lile soko kubwa mashuhuri. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na watu walikuwa wamejitanda makoti. Nikaona nina wasaa wa kikombe cha chai.

Chai ilichukua muda wa dakika ishirini. Niliporudi garini, stata ilizungusha injini kwa nguvu zote, lakini injini haikushika. Nikakanyaga mafuta mara tano, mara kumi. Wapi! Harufu ya petroli ikajaa, na betri ikaanza kulegea.

Akaja kijana fundi. Alifunua boneti, akaigusa koili, akasema: "Mzee, hii koili imekufa. Iguse uone ilivyo moto." Nikaigusa, kweli ilikuwa moto. Akaenda dukani, akanunua mpya, akaifunga, akaleta betri ya jirani kutusaidia. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa nzima. Nilipopiga stata, gari likawaka mara moja. Nikamshukuru Mwenyezi Mungu, nikamlipa kijana, nikaondoka nikiamini kwamba gari limepona.

Nyeri ilinibidi nipitie kumchukua shangazi yetu, mtu mzima sana, aliyetaka kumwona uso mtoto wa nduguye kabla hajafunikwa. Nilizima gari nje ya nyumba yake. Kumsaidia kufunga mlango, kumshika mkono na kumteremsha ngazi kulichukua muda ule ule wa robo saa na ushei. Tukaingia garini, nikapiga stata. Kimya.

Fundi wa pili alikuwa mtu makini zaidi kwa maneno. Alisema koili si kitu, tatizo ni pampu ya petroli. Pampu ikatafutwa, ikapatikana, ikafungwa. Saa sita kasorobo mchana gari likawaka kwa mguso mmoja. Nikamlipa naye, tukashika njia ya Nanyuki, kilomita sitini hivi. Nilipiga hesabu nikaona tutawahi, ijapokuwa kwa shida.

Tulipofika Naro Moru, shangazi aliomba kusimama kidogo atawadhe, asije akafika na kukuta watu wamo katika sala naye hana udhu. Ningewezaje kumkatalia? Nikazima gari. Alipomaliza, na mimi nilipomaliza, gari lilikuwa limekufa mara ya tatu.

Safari hii sikutafuta fundi. Tulisimama kando ya barabara tukangoja matatu. Ya kwanza ilipita imejaa, ya pili ikatuchukua. Shangazi hakuninung'unikia hata neno moja, alikuwa akizungusha tasbihi yake tu. Saa nane na robo tulipoingia mtaani, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini wakiwa na majembe mabegani.

Nilikwenda peke yangu kaburini, udongo ukiwa bado mbichi, nikamsalia dada yangu hapo hapo. Ya siku ile naishia hapo.

FUNDI ASIYETIBU GARI ZIMA

Kesho yake asubuhi mpwa wangu alikwenda Naro Moru kulichukua gari. Akaliwasha kwa mpigo mmoja, akaja nalo mpaka mlangoni. "Mjomba," akaniambia, "gari hili halina ubaya wowote." Nikaliangalia, nikaona kama linanicheka.

Baada ya khitma, wakati wa kurudi, mpwa wangu huyo alinipeleka kwa mzee mmoja mjini Nyeri, fundi wa zamani, umri wake umepita sabini. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa hakunipa ruhusa. Ujana wake wote aliutumia katika magari ya Peugeot, ambayo watu wa huko huita Pijo. Vijana wa leo hawajui, lakini miaka ya 1970 na 1980 zile Peugeot za 404 na 504, zenye viti vya safu tatu, ndizo zilizokuwa teksi za watu na mizigo baina ya Nairobi na miji ya Mlima Kenya. Gari aina ya 404 ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mshindi wa 1966 na 1967 alikuwa Bert Shankland, aliyetoka Tanzania. Nayo 504 ikashinda mwaka 1975 na tena 1978. Magari ya 504 yaliunganishwa humu humu Kenya kwa miaka mingi hata baada ya Wafaransa kuacha kutengeneza yao mwaka 1983. Basi fundi aliyelelewa na magari hayo katika milima ile ameona mengi.

Nilimweleza kisa changu. Alinisikiliza bila ya kugusa boneti, kisha akaniuliza maswali matatu tu. "Shehe, likilala usiku, asubuhi huwaka?" Nikamjibu huwaka mara moja. "Ukilizima likiwa moto, ukaliwasha hapo hapo kabla hujashuka, huwaka?" Nikamjibu huwaka. "Ukiliacha saa nzima?" Nikamjibu huwaka pia.

"Kwa hivyo linaugua baina ya dakika kumi na nusu saa," akasema. "Kabla ya hapo ni zima, na baada ya hapo ni zima. Hao mafundi wako wawili walifungua spana wakati ule lilipokuwa linapoa. Kama wangekaa chini wakala ndizi muda ule ule, gari lingewaka vile vile."

Maneno hayo yalinichoma, kwa maana yalikuwa kweli tupu. Koili haikuliponya gari, wala pampu haikuliponya. Gari liliponywa na saa ya ukutani, na sifa na fedha wakapewa waliokuwa karibu.

Kisha akanambia: "Sasa hivi gari lako ni zima, na mimi sitibu gari zima. Twende tukalichoshe, lije na ugonjwa wake." Tukashuka mteremko na kupanda tena, mara mbili, mpaka mshale wa joto ukatulia mahali pake pa kawaida. Tukarudi, akalizima, akakataza boneti lisifunuliwe ili joto lisikimbie. Akaagiza chai. Baada ya dakika ishirini akaniambia nipige stata. Injini ikazunguka bila ya kushika. Uso wa mzee ukanawiri. "Haya," akasema, "sasa tuzungumze na mgonjwa."

KWA NINI GARI MOTO HUGOMA

Hapa, ndugu msomaji, naomba utulie kidogo, kwani ndipo palipo na elimu yenyewe.

Gari likiwa linakwenda, maji yanazunguka, feni inavuta upepo, na petroli mpya iliyo baridi inapita katika kabureta kila dakika. Ukilizima, vyote hivyo husimama kwa pamoja. Lakini chuma cha injini kingali moto sana, na joto lake halina pa kwenda ila kupanda juu. Kwa hivyo chini ya boneti joto huzidi baada ya kuzima, wala halipungui. Huzidi kwa dakika kumi, kumi na tano, ishirini, kisha ndipo linaposhuka. Hiyo ndiyo saa ya maradhi.

Na petroli si kama maji ambayo yana nyuzi moja tu ya kuchemkia. Ni mchanganyiko wa vitu vingi, na vile vilivyo vyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 au 40 hivi. Kabureta ikipata joto, petroli iliyomo katika bakuli lake hutokota na kumwagikia ndani ya injini yenyewe, bila ya kuitwa. Injini hujaa petroli, hewa hukosa nafasi, na cheche hazina cha kuwasha. Hiyo ni sura moja ya ugonjwa. Sura ya pili ni kinyume chake, petroli hugeuka mvuke ndani ya pampu au bomba, na pampu ikavuta mvuke badala ya mafuta. Hapo injini hukauka kabisa. Mtu aliyesongwa na maji na mtu mwenye kiu wote wawili huanguka chini, lakini dawa zao haziwi moja.

Mimi nikamuuliza yule mzee: mbona hapa kwenu penye baridi limezidi kuliko kwetu penye joto? Akacheka, akaniuliza: "Huko kwenu Mombasa maharagwe huchukua muda gani jikoni?"

Swali lile ndilo lililokuwa jawabu. Mombasa iko usawa wa bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 100. Nyeri iko karibu mita 1,750 juu ya bahari, na Nanyuki imeipita kwa kimo. Huko juu uzito wa hewa umepungua kwa karibu humusi moja, yaani sehemu moja katika tano. Hewa ikiwa nyepesi, kila kitu cha maji maji huchemka mapema. Maji ya Nyeri huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na ndiyo maana maharagwe na githeri hukaa sana motoni. Petroli nayo hivyo hivyo, hutokota mapema kuliko inavyotokota kwetu. Ukiongeza kwamba injini imetoka kuvuta mlima kwa saa nzima, utaona kwamba baridi ya nje haisaidii kitu. Baridi inamgusa msafiri, haiifikii kabureta.

Tena liko jambo la pili. Kabureta iliyopimwa pwani inatoa petroli kwa kipimo cha hewa ya pwani. Ikipanda bara, petroli ni ile ile na hewa ni pungufu. Injini basi hula mafuta mengi kupita haja yake, plagi huwa nyeusi kwa masizi, na gari hupoteza nguvu. Gari lililo karibu kusongwa halihitaji kusukumwa sana ndipo lisongwe.

ALIFU KWA HATUA

Tulipokuwa watoto chuoni, mwalimu wetu hakumruhusu mtu kuanza sura mpya kabla hajaisoma ile ya nyuma bila ya kukwama. Yule mzee wa Nyeri alikwenda kwa ada hiyo hiyo. Hakuruka hatua hata moja, wala hakubadilisha kitu chochote kabla ya kukithibitisha. Nitazitaja hatua zake kama nilivyoziona.

Kwanza alisikiliza stata. Kama injini ikiwa moto inazunguka kwa uzito na kukokota, basi shida ni ya umeme wa kuzungushia: betri, nyaya zake zilizooza, waya wa kwenda kwenye bodi, au stata yenyewe. Langu lilikuwa linazunguka kwa nguvu. Mlango huo ukafungwa.

Pili alitazama cheche. Alichomoa plagi moja, akaifunga kwenye waya wake, akaigusisha chuma mbali na harufu ya petroli, nami nikapiga stata. Cheche zilikuwa za buluu na zenye mlio. Lau zingekuwa dhaifu, za rangi ya manjano, au zimekosekana, angeshuku koili au kondensa, kwani vitu hivyo viwili vina tabia ya kufanya kazi vikiwa baridi na kuzirai vikipata joto. Dawa ya kuthibitisha ni kitambaa kilicholoweshwa maji baridi juu ya koili. Cheche zikirudi, basi umemshika mwizi. Alinieleza pia kwamba koili kuwa moto peke yake si ushahidi, maana koili nzima nayo hupata moto. Na ziko koili zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja na rezista. Fundi akizifunga bila ya rezista huungua mapema, na lawama huangukia koili.

Tatu aliitazama ile plagi yenyewe. Plagi kavu husema petroli haifiki. Hapo angeweka kitambaa cha maji juu ya pampu na bomba lake, na gari likiwaka, jawabu limepatikana. Plagi iliyorowa husema petroli imezidi. Yangu ilikuwa imerowa, nyeusi, inanuka.

Nne alifungua kifuniko cha chujio la hewa, akaniita nichungulie kooni mwa kabureta. Gari lilikuwa limezimwa, pampu imesimama, lakini petroli ilikuwa ikidondoka yenyewe, tone baada ya tone, na mvuke ukipanda. "Nani anaimimina?" akaniuliza. Hapakuwa na haja ya kujibu.

Akachunguza kiti cha kabureta, pale inapokaa juu ya injini. Akatikisa kichwa. "Hapa pana kitu hakipo. Kabureta hii ilifunguliwa lini?"

Ndipo nilipokumbuka. Mwaka uliotangulia, huku kwetu, fundi wangu aliifungua kabureta kuisafisha. Chini yake palikuwa na kibao cheusi cha bakelaiti, unene wake kama kidole cha mwisho. Kilikuwa na ufa. Fundi akakitupa, akasema hakina kazi, akaweka gasketi ya karatasi mahali pake. Nami nilikuwapo, nikakubali, kwa sababu kilikuwa kitu kidogo na mimi nilikuwa na haraka ya kwenda zangu.

Kumbe kibao kile kazi yake ilikuwa moja tu, kuzuia joto la injini lisiifikie petroli. Mwaka mzima kabureta yangu ilikuwa imekaa juu ya jiko. Hapa pwani hewa nzito ilinisitiri, nikawa nasumbuliwa kidogo siku za kaskazi na kusema ni uzee wa gari. Nilipopanda mlima, sitara hiyo ikaondoka.

Mzee alitafuta katika kisanduku chake cha vitu vikuukuu, akatoa kibao cha kabureta iliyokufa zamani, akakisugua, akakikata kikalingana, akakifunga na gasketi mbili mpya. Akaiweka sawa silensa na kipimo cha petroli. Nami nikatoa pochi. Akanizuia. "Bado, shehe. Hatujajua kama limepona." Tukapanda tena garini, tukashuka mteremko ule ule, tukapanda mlima ule ule, boneti likafungwa vile vile, chai ikaagizwa, dakika ishirini zikahesabiwa kwa saa. Nilipogusa ufunguo, injini ikashika kabla stata haijamaliza nusu mzunguko.

Ile koili ya zamani na pampu ya zamani nilikuwa nimezitia butini. Alizijaribu zote mbili. Nzima. Na ujira alioutaka kwa kazi yake ulikuwa mdogo kuliko bei ya koili.

MAWAIDHA KWA WENYE MAGARI

Aliyonifunza mengine nawaachieni hapa kwa ufupi. Gari la kabureta likigoma likiwa moto, nawe unasikia harufu ya petroli, usikanyage na kuachia mafuta kama nilivyofanya mimi, kwani kila mkanyago huongeza gharika. Kanyaga polepole mpaka chini, shikilia hapo hapo, kisha piga stata bila ya kuachia. Hewa itaingia, moshi mweusi utatoka, na gari litawaka. Hakikisha choki haikukwama imefungwa. Ukitoka kupanda mlima mrefu, usizime gari ghafla. Liache linguruke dakika moja au mbili lipumue. Ukisimama, funua boneti. Angalia bomba la petroli lisigusane na bomba la moshi. Wala usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto, wala usimwagie maji chuma cha injini kilicho moto, kwani kitapasuka. Sigara iwe mbali.

Ama wenye magari ya miaka ya karibuni, yale yasiyokuwa na kabureta, wasidhani yamesalimika. Nayo hugoma yakiwa moto, ila wezi wake ni wengine. Kiko kipima joto kinachoiambia kompyuta ya gari hali ya injini. Kikiharibika huidanganya kwamba injini ni baridi, nayo ikamwaga petroli nyingi. Iko vali inayoshikilia nguvu ya petroli bombani baada ya kuzima. Ikivuja, petroli hurudi nyuma na mvuke ukachukua nafasi. Na kiko kipima mzunguko wa injini, ambacho huzirai kwa joto kama koili ya zamani. Jaribio rahisi ni kufungua ufunguo bila ya kupiga stata, kuufunga, na kuufungua tena, mara mbili au tatu, ili pampu ijaze bomba. Likiwaka baada ya hapo, mwambie fundi wako aanze kuchunguza huko kwenye petroli.

Lakini la msingi kuliko yote ni lile la maswali matatu. Matabibu wetu wa kale wa pwani, kabla ya kumpa mtu dawa, walimuuliza: maradhi hukuzidi wakati gani, na hukupungua wakati gani? Wakati wa ugonjwa ni nusu ya jina lake. Mwenye gari ndiye anayeujua wakati huo, fundi hawezi kuubuni. Mimi kule Karatina nilikuwa na habari zote kichwani. Nilijua kwamba lilikohoa Thika baada ya sala, nilijua kwamba vituo vya petroli halikunisumbua, nilijua kuhusu kile kibao. Sikumwambia kijana hata moja, na yeye hakuuliza. Simlaumu. Aliambiwa gari halina moto, akatafuta moto. Nami nilipoliona limewaka nikasema limepona, nikasema hivyo mara mbili katika asubuhi moja.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwa fundi wangu. Sikwenda kugombana. Nilimwonyesha kibao, nikamweleza kazi yake. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia kwamba ametupa vingi kama hicho. Tangu siku ile havitupi.

Shangazi angali hai Nyeri, na kila nikimpigia simu huniuliza hali ya gari kabla ya kuniuliza yangu. Humjibu kwamba ni zima. Usiku ule wa kurudi, nilipopumzika Mtito Andei, niliandika ubeti mmoja, nao ndio huu:

Gari likikata moto, usikimbilie dawa,
Chunguza kwanza fukuto, sababu upate juwa,
Saa ikipoza joto, usidhani limepowa,
Nami nilipotambuwa, nilikuwa nimekawa.